Kizibo cha Usinune

Kinyozi aliosha nusu ya mashua, nusu akaiacha.

Jumamosi ile alifika kwenye banda la klabu mapema, ndoo mkononi, sponji na sabuni ya unga kwenye mfuko wa plastiki, akalivuta turubai lililoifunika mashua msimu mzima wa mvua. Vumbi, mavi ya popo, utando wa buibui kila pembe. Akaanzia nyuma, kwenye usukani, akasugua mpaka rangi ya bluu ikaonekana. Alipofika katikati, kwenye ule ubao unaoshushwa majini ili mashua isiende kombo, akaacha. Kuanzia hapo kwenda mbele ilikuwa sehemu ya mdogo wake, na imekuwa hivyo tangu walipoinunua. Basi akaigeuza ndoo, akaikalia, akangoja.

Alingoja mpaka bati la banda likaanza kulia kwa joto. Wenzake wenye mashua nyingine waliosha za kwao, wakatandaza matanga kwenye nyasi, wakataniana, wakaondoka. Mmoja akamuuliza, "Vipi, huko mbele unamwachia nani?"

"Mwenyewe anakuja," akajibu.

Mwenyewe hakuja. Kinyozi angeweza kuosha ile nusu iliyobaki, sponji analo, maji anayo, mikono haimuumi. Hakuosha. Alirudisha turubai, akapanda baiskeli yake, akaenda nyumbani amenuna.

Mkewe, anayefua na kupiga pasi nguo za watu, alimwona tu anavyoingia mlangoni akajua.

"Hakuja?"

"Labda yuko zamu."

"Umempigia simu?"

"Anajua kesho tunaanza mashindano."

"Sikukuuliza kama anajua, baba. Nimekuuliza kama umempigia."

"Nimpigie nimwambie nini?"

Mke akaikalisha pasi wima. "Mwambie ulichotakiwa kumwambia tangu siku ya msiba. Neno moja tu, wala halina mifupa."

Kinyozi akasema ana njaa. Ndivyo alivyo bwana yule: mazungumzo yakimfika shingoni, njaa inamshika.

Sasa, ili umwelewe, sharti uingie kwenye kibanda chake cha kunyolea. Viti viwili, kioo chenye ufa kwenye kona, mashine tatu zinaning'inia kwa nyaya zake, na harufu ya spiriti. Unakaa, anakufunga shuka shingoni, unamwambia, "Punguza pembeni tu, juu uache." Anaitikia, "Sawa, sawa," halafu anakunyoa anavyoona yeye. Unanyanyuka na kichwa ambacho hukukiagiza. Kinachoudhi ni kwamba kinakupendeza. Ndiyo maana wateja walikuwa wakicheka kwamba pale huendi kunyolewa unavyotaka, unaenda kunyolewa anavyotaka yeye, na mwisho wa mwezi wanarudi wale wale.

Alikuwa kifungua mimba. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeshika nyumba, akaacha shule, akashika mkasi. Mdogo wake akasoma mpaka akawa muuguzi. Kwa hiyo tangu ujana wake Kinyozi alizoea kuamua: tunahamia wapi, nani aende shule gani, paa lizibwe lini. Hakuwa mkorofi, tusimsingizie. Aliwapenda mno. Ila kuuliza watu hakukuwa kwenye desturi zake, maana kwa miaka mingi hapakuwa na wa kumuuliza, na alipopatikana, mazoea yalikuwa yameshakomaa.

Mahali pamoja tu duniani aliuliza, napo ni kwenye mashua.

Nje ya mji kuna bwawa kubwa linalotoa maji ya bomba, na kando ya bwawa ndipo ilipo klabu. Msidhani ni klabu ya wenye nazo. Ni muuza vioo, mwalimu wa hesabu, fundi wa friji, watu wa namna hiyo, waliojinunulia mashua ndogo za tanga zilizochoka, za kukaa watu wawili wawili, wakazitia viraka. Mvua zikiisha na bwawa likijaa, kila Jumapili wanashindana kuzunguka maboya. Hakuna kikombe cha maana. Mshindi anasifiwa mpaka Jumatatu, basi.

Kwenye mashua hizo mmoja anakaa nyuma, ameshika usukani na tanga kubwa. Mwingine anakaa mbele, amempa mwenzake mgongo, anashughulikia tanga dogo. Mkitaka kugeuka, ule mti ulioshikilia tanga kubwa kwa chini unapita upande wa pili kwa nguvu, sawasawa na usawa wa kichwa. Usipoinama unakupasua. Kwa hiyo ipo sheria, na hakuna anayeivunja: wa nyuma anauliza, "Tayari?" Wa mbele akishajiweka sawa anajibu, "Tayari!" Ndipo wa nyuma anasema, "Nageuza!" Usipojibiwa, hugeuzi, hata kama boya liko puani.

Kinyozi aliifuata sheria hiyo kama sala. Mama yao, siku alipopelekwa bwawani kuwatazama na kuelezwa mambo yanavyokwenda, alicheka mpaka machozi. "Kumbe huyu anajua kuuliza! Basi ile mashua mniletee sebuleni, labda na mimi nitaulizwa." Ni yeye aliyeipa jina. Vijana wake walikuwa wakishindwa wananuna njia nzima, kwa hiyo akawaambia waandike ubavuni, kwa herufi kubwa, USINUNE. Wakaandika.

Mwaka jana, katikati ya msimu, mama akaugua. Mdogo mtu akampatia kitanda kwenye hospitali anayofanya kazi. Akawa akitoka zamu anakwenda kumchana nywele, kumlisha, kumgeuza ubavu. Siku moja saa ya kuona wagonjwa mama akamshika Kinyozi mkono, akamwambia, "Mwanangu, nataka kwenda nyumbani."

Mwingine angesema, ngoja nimwite mwenzangu. Yeye alikwenda kuazima gari la fundi wa friji, akatia saini ya kumtoa mgonjwa, akambeba mama mgongoni mpaka nje. Mdogo wake wakati huo alikuwa chumba cha upasuaji, jengo la ng'ambo ya uwanja. Alipotoka alikwenda wodini na chupa ya uji, akakuta kitanda kimetandikwa shuka nyingine na mama mwingine amelala, anakohoa. Wauguzi wenzake ndio waliomwambia. Unaliona hilo? Muuguzi mzima, anaambiwa na wenzake mama yake aliko.

Mama hakumaliza wiki. Alifia kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, na Kinyozi mpaka leo anaamini kwamba hilo lilikuwa jambo jema. "Ningemwambia mdogo wangu angekataa," alimwambia mkewe. "Wale watu wa hospitali hawakubali mgonjwa atoke." Alisema hivyo mara nyingi, hata alipokuwa hajaulizwa.

Mdogo hakugombana naye. Afadhali angegombana. Alikuja msibani, akapokea wageni, akashika jeneza upande wake, akamwambia kaka yake shikamoo kila asubuhi. Na Jumapili zilizobaki alikuja bwawani, akakaa mbele, akampa mgongo.

"Tayari?"

"Tayari."

"Nageuza. Kaza kidogo. Legeza. Hapo hapo."

Maneno yenyewe ndiyo hayo. Kinyozi alikuwa akirudi nyumbani anamwambia mkewe, "Leo tumeongea vizuri." Mke akiuliza mmeongea nini, anakosa la kusema. Lakini yeye aliridhika, jamani. Yale maneno machache alikuwa akiyatafuna wiki nzima. Kisha mvua zikaanza, klabu ikafungwa, na hata hayo yakakatika. Miezi yote ya mvua alikuwa na jambo moja tu kifuani: msimu ukifunguliwa atakuja, atakaa pale mbele, nitamuuliza, atanijibu. Samahani ile, ambayo wengine wangeipeleka kwa miguu mpaka mlangoni kwa mtu, yeye alikuwa ameiweka akiba ya siku hiyo. Alipanga kuisema wakiwa katikati ya maji, ambako mtu hawezi kuondoka.

Jumapili ikafika, na mawingu mazito, upepo wa kukatakata. Kinyozi alikuwa akifunga tanga alipomwona mdogo wake anateremka kwenye nyasi, amevaa jaketi la kuelea, kofia ile ile. Angeweza kusema mambo mia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," akasema. "Huko mbele bado kuchafu. Nimekuachia."

Mdogo akaitazama ile nusu yenye vumbi. Akainamisha macho. "Kaka, mimi nimeshaongea na mwalimu. Mwenzake amehama. Msimu huu nitakaa naye." Akaiweka sawa kofia. "Nilidhani mwenyekiti amekwambia."

"Aa. Ndiyo," Kinyozi akasema. "Ameniambia." Na wala hakuwa ameambiwa chochote.

Klabu ile ina desturi ya kufungulia msimu. Mwenyekiti, yule muuza vioo, anapanda juu ya kreti la soda, anaita mashua moja moja, na wenye mashua wanajibu pamoja, sauti mbili kwa mpigo, "Tumo!" Wanashindana hata hapo kwa kelele. Mashua ya mwalimu ilipoitwa Kinyozi aliisikia sauti ya mdogo wake imechanganyika na ya mtu mwingine, akajishughulisha na fundo la kamba ambalo halikuwa na tatizo.

"Usinune!"

Akakohoa. "Nimo," akasema.

Watu wakatazama viatu vyao. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya ila ni mwoga wa mambo ya ndugu, akasema haraka haraka kwamba kuna mwanachama mpya, ni mpokezi kwenye kliniki ya meno, ameshapata mafunzo, basi atakaa mbele ya Usinune. Huyo dada watu walikuwa wameshamwita Maswali ndani ya wiki moja, na haikuwa kwa kumwonea. Kabla mashua haijafika majini alikuwa ameuliza kwa nini tanga lina madirisha, kwa nini mbele hakujaoshwa, kama kuna mamba, na kama kinyozi anajinyoa mwenyewe.

"Na hili tundu huku nyuma chini, ni la nini?" akauliza, akiingiza kidole.

"La kutolea maji mkirudi. Achana nalo, shika upande wako tusukume."

Maswali akaachana nalo, akasukuma. Kila mashua ya aina ile ina tundu hilo, na kila tundu lina kizibo chake, na kabla ya kuingia majini sharti kizibo kikazwe. Mtoto anajua. Kinyozi alijua. Lakini kizibo kilikuwa kazi ya mdogo wake. Yeye ndiye aliyekuwa akiinama kimya kimya wakati kaka yake anatazama upepo na kutoa amri, anakikaza, anapiga ubavu wa mashua kofi moja kama mtu anayemwambia punda twende. Miaka yote hiyo Kinyozi hakuwahi kukishika wala kuulizia kinakaa wapi. Masikio yake yalikuwa yamezoea lile kofi tu. Siku ile hakulisikia, akahisi kuna kitu kimepungua, akadhani ni huzuni.

Honi ikalia. Mashua zikavuka mstari zimebanana, matanga yanapiga, watu wanapigiana kelele za njia. Mwanzoni Usinune ilikwenda vizuri, ikawa ya nne, mbele tu yake ikiwa ya mwalimu. Kinyozi aliona kisogo cha mdogo wake kikiinama na kuinuka kwenye mashua ya mtu. Upepo ukamletea sauti ya mwalimu, "Tayari?" Na jibu, "Tayari!" kwa sauti ya juu, ya uchangamfu, sauti ambayo hakuisikia tangu mama alipougua. Wivu ukamchoma. Ndiyo, wivu, mtu mzima na mvi zake.

"Tayari?" akauliza na yeye.

"Tayari kwa nini?" akauliza Maswali.

"Kugeuka!"

"Aah, tayari! Lakini miguu yangu imelowa, ni kawaida?"

"Ni mawimbi hayo."

Hayakuwa mawimbi. Usukani ulikuwa mzito kama anavuta gunia. Mashua moja ikampita, kisha nyingine. Akageuka nyuma, akaona maji yako usawa wa ubao wa nyuma, yanaingia taratibu bila haraka. Akatazama chini, maji yamemfika kwenye vifundo. Hata hapo hakuelewa. Alidhani mashua imepasuka.

Aliyeelewa alikuwa mbele. Mdogo mtu alipoinama kukwepa tanga alitupa jicho nyuma, kama alivyofanya mara kwa mara tangu waanze, akaiona Usinune imekalia mkia. Akasimama wima, jambo ambalo halifanywi kwenye mashua zile.

"Kizibo!" akapiga kelele. "Kaka! Kizibo!"

Na papo hapo mkono wake ukaenda mfukoni, ukarudi mtupu. Kwa mbali vile Kinyozi aliona uso wake unavyobadilika. Kizibo kilikuwa kwenye funguo zake. Alikuwa na mazoea ya kukitundika humo kila wanapomaliza ili kisipotee, pamoja na ufunguo wa kabati lake la hospitali, na mvua zote zile alikuwa akitembea nacho bila kukikumbuka. Funguo ziko kwenye begi, begi liko bandani.

Usinune haikupinduka. Ilikaa chini tu kama mtu aliyechoka, maji yakapita juu, Kinyozi na Maswali wakabaki wakielea na majaketi yao wamekumbatia mlingoti. Mwalimu aligeuza, akaacha mashindano, akazunguka karibu yao mpaka boti ya injini ilipokuja kuwavuta. Mdogo alikuwa amekaa ukingoni, ametoa macho, anamhesabia kaka yake pumzi kama mgonjwa.

Nchi kavu waliipandisha kwenye nyasi, na maji yakaanza kutoka kwenye lile tundu, mkondo mnene usiokatika. Kinyozi alikaa chini akautazama. Watu walikuja wakatania kidogo, "Kinyozi leo umejinyoa bila maji," wakaona hacheki, wakaenda zao.

Mdogo akaja na funguo mkononi. Akachuchumaa mbele yake, akahangaika na ile pete kwa kucha mpaka kizibo kikatoka.

"Nisamehe, kaka. Nilisahau kabisa kama ninacho. Ungeweza kuzama."

"Kaa nacho," Kinyozi akasema.

"Nikae nacho cha nini?"

"Kaa nacho tu. Jumapili ijayo utakuja nacho."

Ndipo Kinyozi, aliyelowa chapachapa, meno yanagongana, akalisema lile neno ambalo mkewe alisema halina mifupa. Lilikuwa nayo, lilimkwaruza koo lote. "Nisamehe mimi. Kwa mambo ya mama."

"Nilishakusamehe, kaka. Kabla hata hatujatoka makaburini."

"Basi rudi."

"Siwezi." Alisema taratibu, kwa sauti anayotumia kwa ndugu wa wagonjwa. "Miaka yote humu ndani uliniuliza. Kila kona, tayari? Mimi nilikuwa najisemea, kaka yangu kwingine haulizi mtu, lakini mimi ananingoja. Siku ya mama hukuningoja."

"Ungekataa."

"Ningekubali." Akakigeuza kizibo kiganjani. "Nilikuwa nimeshaomba likizo. Mama aliniambia mimi kwanza, kaka. Siku ile nilikuwa natoka zamu nimpe uji, halafu nije pale kibandani kwako nikwambie tumpeleke wote wawili. Nilitaka tumbebe pamoja."

Safari hii Kinyozi hakuwa na njaa ya kusingizia.

"Sasa kila ukiniuliza tayari, nakiona kile kitanda. Nilijaribu msimu uliopita mpaka mwisho. Nimeshindwa." Akachukua mkono wa kaka yake, akaweka kizibo kiganjani, akavikunja vidole kimoja kimoja. "Ukikaze kwanza kabla hujashusha. Geuza mpaka kigome. Nisalimie shemeji."

Akanyanyuka akaenda kumsaidia mwalimu kukunja tanga.

Maswali alikuwa amesimama pembeni, taulo mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na klabu hakuuliza kitu. Kinyozi alikitazama kizibo. Kidogo, cha plastiki nyeusi, kimeng'aa kwa kukaa mfukoni. Alitamani mashua izame kila Jumapili na kitu hiki kibaki kwenye funguo za mtu mwingine, ili awepo wa kumpigia kelele kwa mbali. Akalia pale pale kwenye nyasi, na hakujificha.

Watu walipokwisha kuondoka akainuka, akateka maji kwa ndoo, akatia sabuni. Akapiga magoti pale katikati, kwenye mpaka, akaanza kusugua kwenda mbele: pale mdogo wake alipokuwa akikaa, pale alipokuwa akikanyaga, mpaka kwenye ncha. Alimaliza jioni. Mashua ikawa safi yote.